Moshi, Moto na Sheria ya Kashfa: Gazeti Linapoishuku Kampuni



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la wanasheria na waandishi wa habari peke yao. Jambo hilo ni hatari ya kushtakiwa kwa kashfa inayolikabili gazeti linapoandika kwamba kampuni fulani inashukiwa kufanya udanganyifu katika mambo ya fedha. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu naamini kwamba jambo hili linawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Mwalimu na mtumishi wa umma ni watu wa mshahara. Akiba yao haikai chini ya godoro. Imo benki, imo katika chama cha akiba na mikopo, imo katika mfuko wa pensheni. Na mifuko hiyo nayo huziweka fedha hizo katika hisa na mikopo ya makampuni ambayo mwenye akiba hajapata kuyaona hata milango yake. Kampuni hizo zikidanganya, mwenye akiba hana macho mengine ya kuonea isipokuwa macho ya mkaguzi wa hesabu, ya msimamizi aliyewekwa na serikali, na ya gazeti. Wawili wa kwanza wakisinzia, hubaki gazeti peke yake. Nalo gazeti, kabla ya kusema, hapana budi lijiulize: je, nikisema nitashtakiwa? Na nikishtakiwa, nitaweza kulipa?

Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba sheria ya kashfa si adui wa ukweli, lakini gharama ya kujitetea mbele yake yaweza kugeuzwa silaha ya wenye fedha. Na kwamba dawa yake si kuandika ovyo, wala si kunyamaza. Dawa ni ushahidi ulioandikwa, haki kwa anayetuhumiwa, na wasimamizi ambao huchunguza jambo lenyewe kabla ya kumchunguza aliyelisema.

JINA LA KAMPUNI

Tuanze na sheria yenyewe. Kashfa ni maneno yaliyotangazwa ambayo humshushia mtu heshima mbele ya watu wenye busara. Mbele ya sheria kampuni nayo ni mtu. Haina moyo wa kuumia wala uso wa kuona haya, lakini ina jina, na jina lake ni mali.

Tuchukue mfano wa benki. Kazi ya benki ni kupokea amana za watu na kuzikopesha. Kwa hiyo hakuna benki, hata iliyo nzima kabisa, inayoweza kumrudishia kila mtu fedha zake kwa siku moja. Uvumi wa uongo ukiandikwa asubuhi, mchana pana foleni mlangoni, na benki iliyokuwa nzima inaweza kuanguka kabla ya wiki kwisha. Watakaoumia si wenye hisa peke yao. Ataumia karani, ataumia mlinzi wa usiku, ataumia mkulima aliyekuwa akingoja mkopo wa mbolea. Basi sheria inayomtaka mwandishi afikiri kabla ya kuandika haikutungwa bure.

Sheria yetu katika jambo hili ina shina Uingereza. Sheria za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920 zilipokelewa Tanganyika, na hata baada ya Uhuru misingi yake ikabaki katika sheria za nchi. Baadaye ikaja Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, na baada yake Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo ya 2016, vikiwamo vile vilivyoifanya kashfa kuwa kosa la jinai, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Na mwaka 2023 Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilikwisha kukifuta kifungu cha kashfa ya jinai mwezi Februari 2017. Lakini kesi ya madai, yaani ile ambayo mtu hudai fidia kwa jina lililochafuliwa, imebaki kila mahali, na ndiyo ninayoizungumzia.

Kesi hiyo ina mambo mawili ambayo msomaji wa kawaida hayajui. La kwanza ni kwamba mdai halazimiki kuthibitisha kuwa yaliyoandikwa ni uongo. Ni gazeti linalotakiwa kuthibitisha kuwa ni kweli. Kujua jambo ni kitu kimoja. Kulithibitisha mbele ya hakimu, kwa hati na kwa mashahidi walio tayari kusimama kizimbani, ni kitu kingine kabisa. Magazeti mengi yamejua mambo ambayo hayakuweza kuyathibitisha.

La pili ni kwamba anayerudia maneno huhesabiwa sawa na aliyeyaanza. Sisi Waswahili tuna methali isemayo, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni methali nzuri barazani, lakini mahakamani haimsaidii mtu. Mwandishi akisimama na kujitetea kwamba mji mzima ulikuwa ukisema, ataambiwa kwamba mji mzima haukushtakiwa; aliyeshtakiwa ni yeye.

KUSEMA MOSHI BILA KUSEMA MOTO

Je, ina maana kwamba gazeti haliwezi kuandika juu ya tuhuma mpaka mtu amekwisha kufungwa? Hapana. Kesi iliyolifafanua jambo hili vizuri ilianzia mjini London tarehe 23 Desemba, 1958. Siku hiyo magazeti mawili makubwa, Daily Telegraph na Daily Mail, yaliandika kwamba kikosi cha polisi cha kupambana na udanganyifu kinachunguza mambo ya kampuni iitwayo Rubber Improvement na ya mwenyekiti wake, Bwana John Lewis. Habari ile ilikuwa fupi, na uchunguzi ulikuwapo kweli. Hata hivyo kampuni na mwenyekiti wake wakafungua kesi, wakidai kwamba msomaji yeyote angeelewa kuwa wao ni wadanganyifu. Mabaraza ya wazee wa mahakama yakakubaliana nao, yakawapa fidia ambayo kwa jumla ilizidi pauni 200,000, fedha nyingi mno kwa siku zile.

Kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi, ambalo lilikuwa ndiyo mahakama ya mwisho ya Uingereza. Mwaka 1963 majaji wale walisema kwamba mtu mwenye akili ya kawaida, asiye na moyo wa kushuku kila kitu, akisoma kwamba polisi wanachunguza hadhani papo hapo kwamba anayechunguzwa ana hatia. Ingekuwa vinginevyo, hakuna ambaye angeweza kutangaza uchunguzi wowote. Lakini Jaji Devlin aliongeza onyo, ambalo nitalieleza kwa maneno yangu: anayetaka kusimulia habari za moshi achague maneno yake kwa uangalifu mkubwa, asije akawafanya watu waamini kwamba ameuona moto.

Ndugu zangu, nasi tunasema pafukapo moshi pana moto. Methali yetu inakwenda mbali kuliko sheria inavyoruhusu.

Baadaye majaji wa Uingereza waliyapanga maneno ya tuhuma katika ngazi tatu, na tangu mwaka 2002 mahakama zao zimekuwa zikizitumia. Ngazi ya juu ni kusema kwamba mtu ametenda kosa. Ngazi ya kati ni kusema kwamba ziko sababu za kutosha za kumshuku. Ngazi ya chini ni kusema kwamba ziko sababu za kufanya uchunguzi. Kila ngazi ina ushahidi wake. Aliyesema neno la ngazi ya juu huku ana ushahidi wa ngazi ya chini amekwisha kushindwa kabla ya kesi kuanza. Ninyi walimu mtaona kwamba hili, kwa sehemu kubwa, ni somo la lugha. Tofauti kati ya "kampuni imeiba", "kampuni inashukiwa kwa sababu hizi na hizi", na "hesabu hizi zinahitaji maelezo" ni tofauti ya sarufi na maana. Na juu ya tofauti hiyo gazeti husimama au huanguka.

UKIMYA NAO UNA GHARAMA

Hadi hapa nimesema juu ya gharama ya kusema. Sasa niseme juu ya gharama ya kunyamaza, maana hiyo haiandikwi katika vitabu vya hesabu vya gazeti lolote.

Robert Maxwell alikuwa tajiri wa vitabu na magazeti huko Uingereza. Mwaka 1971 wakaguzi waliowekwa na serikali walikuwa wamekwisha kuandika katika ripoti yao kwamba mtu huyu, kwa maoni yao, hafai kuaminiwa kuongoza kampuni ambayo hisa zake zinauzwa kwa umma. Pamoja na hayo, mwaka 1984 alilinunua shirika la magazeti ya Mirror, na akawa na mamlaka juu ya pensheni za wafanyakazi wake. Waandishi waliotaka kumchunguza walikuta mlango umefungwa kwa hati za mahakama. Alishtaki magazeti, alimshtaki mwandishi aliyeandika kitabu cha maisha yake, na mwaka 1986 alilishinda jarida la Private Eye na kupata fidia ya pauni 55,000. Kesi ile haikuhusu pensheni hata kidogo, bali ilihusu siasa. Lakini kila mhariri aliyeisikia aliielewa kwa namna moja: huyu bwana hushtaki, na hushinda.

Tarehe 5 Novemba, 1991 Maxwell alikufa baharini karibu na visiwa vya Kanari, baada ya kuanguka kutoka katika jahazi lake la fahari. Wiki chache baadaye ikagundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 400 hazimo katika mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake; zilikuwa zimetumiwa kuziinua kampuni zake nyingine zilizokuwa zikizama kwa madeni. Wachapaji, makarani na madereva waliokuwa wamekatwa mishahara yao kwa miaka ishirini na thelathini walikuta kwamba uzee wao umewekwa rehani bila wao kuulizwa. Hapo ndipo magazeti yote yalipopata ujasiri, kwa kuwa mbele ya sheria ya Uingereza marehemu hawezi kukashifiwa. Ujasiri ule ulikuwa umechelewa.

HADITHI YA WIRECARD

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi, na ndio unaonifundisha mimi mengi.

Kampuni ya Wirecard ilianzishwa Ujerumani mwaka 1999, makao yake yakiwa Aschheim, karibu na mji wa Munich. Kazi yake ilikuwa kupitisha malipo yanayofanywa kwa kadi na kwa mitambo ya kompyuta kati ya mnunuzi na muuzaji. Ilikua upesi sana. Mwezi Septemba 2018 iliingizwa katika orodha ya makampuni 30 makubwa ya soko la hisa la nchi ile, ikaing'oa Commerzbank, benki ya tangu karne ya kumi na tisa. Wajerumani wengi waliionea fahari, kama mzazi anavyomwonea fahari mtoto aliyefaulu.

Lakini tangu mwaka 2015 mwandishi wa gazeti la Financial Times la London, Dan McCrum, alikuwa akiuliza maswali juu ya hesabu zake. Tazameni jinsi alivyoanza. Hakuanza kwa kuita mtu mwizi. Alianza kwa kuonyesha kwamba tarakimu za ukurasa huu hazipatani na tarakimu za ukurasa ule. Miaka ikapita. Kisha mwanasheria aliyekuwa ameajiriwa na kampuni yenyewe katika ofisi yake ya Singapore, Pav Gill, akatoa nyaraka za ndani. Tarehe 30 Januari, 2019 gazeti likaandika kwamba mkuu mmoja wa mambo ya fedha katika ofisi ile anashukiwa kutumia mikataba ya kughushi. Kampuni ikakanusha, ikalishtaki gazeti mjini Munich.

Na hapo likatokea jambo ambalo kila mtumishi wa umma anapaswa kulitafakari. Mamlaka ya Ujerumani ya kusimamia mambo ya fedha, iitwayo BaFin, ilikuwa na mambo mawili mezani. Moja ni tuhuma juu ya kampuni. La pili ni madai kwamba waandishi wanashirikiana na wafanyabiashara wa hisa za kuazima; yaani watu wanaoazima hisa, wakaziuza leo kwa bei ya juu, wakitumaini kuzinunua kesho kwa bei ya chini, wamrudishie mwenyewe na wabaki na tofauti. Mamlaka ikalishika lile la pili. Tarehe 18 Februari, 2019 ilipiga marufuku biashara hiyo kwa hisa za Wirecard kwa muda wa miezi miwili, na mwezi Aprili ikapeleka kwa mwendesha mashtaka malalamiko ya jinai dhidi ya waandishi wawili wa gazeti lile. Kwa macho ya mtu wa kawaida, serikali ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: mwenye makosa ni gazeti.

Gazeti halikurudi nyuma, wala halikupandisha sauti. Liliwaita wanasheria wa nje walichunguze lenyewe, waone kama waandishi wake wana hatia ya njama. Nao hawakuona ushahidi wa njama hiyo. Mwezi Oktoba 2019 likachapisha nyaraka zenyewe, watu wazisome. Kampuni ikalazimika kuwaita wakaguzi wa pekee, KPMG, ambao mwezi Aprili 2020 walisema kwamba hawakupewa hati za kutosha za kuthibitisha sehemu kubwa ya faida iliyotangazwa. Tarehe 18 Juni, 2020 wakaguzi wa kila mwaka, EY, walikataa kutia saini. Euro bilioni 1.9 zilizosemekana zimewekwa katika benki mbili za Ufilipino hazikuonekana. Benki zile zilisema kwamba hati zilizoonyeshwa ni za uongo, na benki kuu ya Ufilipino ikasema kwamba fedha hizo hazijapata kuingia nchini humo. Tarehe 25 Juni kampuni iliomba kufilisiwa. Mkurugenzi Mkuu wake, Markus Braun, alikuwa amekwisha kukamatwa; mwenzake, Jan Marsalek, alikuwa ametoroka.

Mwezi Septemba 2020 mwendesha mashtaka aliyafunga malalamiko dhidi ya waandishi wale. Mwaka uliofuata mkuu wa mamlaka ile aliondoka katika kazi yake.

Kesi ya Bwana Braun ilianza kusikilizwa Munich mwezi Desemba 2022, naye alikana mashtaka. Nawaomba mwone kwamba nami hapa nashika kipimo nilichokieleza. Nimesema fedha hazikuonekana, kwa sababu hilo limethibitika. Nani alizifanya zisionekane, au alizibuni tangu mwanzo, ni kazi ya mahakama kusema. Kuwa upande wa mwenye akiba hakumpi mtu ruhusa ya kumhukumu mshtakiwa.

KINACHOMLINDA MWANDISHI

Basi tunajifunza nini? Naona mambo manne.

Kwanza, karatasi. Aliyeliokoa lile gazeti hakuwa wakili mwenye ulimi mkali, bali ni nyaraka zilizowekwa, zikapangwa, zikalinganishwa. Mwandishi wa mambo ya fedha asiyejua kusoma mizania ya hesabu ni kama mvuvi asiyejua kuogelea. Siku ya upepo atajuta.

Pili, swali. Kampuni iulizwe kabla ya habari kuandikwa, ipewe muda wa kujibu, na jibu lake lichapishwe, hata likiwa ni kukanusha tu. Kuuliza ni adabu, na pia ni ngao. Mwaka 2002 toleo la Ulaya la Wall Street Journal liliandika kwamba benki kuu ya Saudi Arabia, kwa ombi la Marekani, inaziangalia akaunti za makampuni fulani, isije ikawa fedha zinapita kwenda kwa magaidi. Mmoja wa matajiri waliotajwa alishtaki pamoja na kampuni yake. Gazeti halikuweza kuthibitisha ukweli, kwani mambo ya benki ile yalikuwa ni siri. Msemaji wa kampuni alikuwa ameomba habari isubiri siku moja, mpaka bwana wake aliyekuwa safarini Japani aweze kujibu; gazeti halikusubiri. Hata hivyo, mwaka 2006 Baraza la Malodi liliamua kwamba habari ile ilikuwa ya manufaa kwa umma na iliandikwa kwa kuwajibika, kwa hiyo gazeti lisilipe. Lakini siku ile moja iliyokataliwa ilizungumzwa mahakamani kwa miaka. Ingekuwa rahisi zaidi kusubiri.

Tatu, maneno yenye kipimo. Mhariri ajiulize kila sentensi iko katika ngazi gani kati ya zile tatu, na kama ushahidi wake unafika ngazi hiyo. Na kichwa cha habari kisipande ngazi ambayo habari yenyewe haikupanda.

Nne, sheria yenyewe yaweza kurekebishwa ili isimwonee mtu. Waingereza waliliona hilo. Sheria yao ya Kashfa ya mwaka 2013 inaitaka kampuni ya biashara inayoshtaki ionyeshe kwamba imepata, au yaelekea kupata, hasara kubwa ya fedha. Na inampa mwandishi utetezi akionyesha kwamba aliamini, kwa sababu za kuridhisha, kuwa kuchapisha ni kwa manufaa ya umma. Sheria ile haikufungulia matusi. Ilichofanya ni kupunguza uwezo wa kumtisha mtu kwa hati ya mahakama peke yake.

Tusimsahau mtu mwingine, aliye dhaifu kuliko gazeti: mtumishi wa ndani anayejua. Huko Marekani kampuni ya Theranos ilidai kwamba imevumbua njia ya kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu. Mwaka 2015 Wall Street Journal liliandika kwamba madai hayo yana mashaka. Vijana waliokuwa wamefanya kazi humo na kuzungumza na mwandishi walitishwa na mawakili. Familia ya mmoja wao ilitumia mamia ya maelfu ya dola kumtetea. Mwenye gazeti, Rupert Murdoch, alikuwa ameweka dola milioni 125 zake mwenyewe katika kampuni ile, na alipoombwa aizuie habari alikataa. Mwanzilishi wa kampuni, Elizabeth Holmes, alipatikana na hatia ya kuwadanganya wawekezaji mwezi Januari 2022, na mwezi Novemba akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Kama vijana wale wangenyamaza, wagonjwa wangeendelea kupewa majibu yasiyoaminika.

Hapa kwetu iko Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Yafaa kila mtumishi aisome, na aelewe mpaka wake: humlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Haimpi mtu uhuru wa kusambaza faili mitaani.

SEHEMU YETU

Sasa nije kwetu. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango ulioitwa DECI, ambao maelfu ya watu nchini walikuwa wamepanda fedha zao humo kwa ahadi ya kuvuna maradufu. Miongoni mwao walikuwapo watu wasomi. Nauliza: ilihitajika kashfa gani kuandika juu ya mpango wa namna ile? Haikuhitajika kumwita mtu yeyote tapeli. Ilitosha kuweka hesabu ubaoni: kama kila aliyepanda shilingi moja avune mbili, na hakuna kiwanda, wala shamba, wala duka, hiyo shilingi ya pili itatoka mfukoni mwa nani? Hilo ni swali la darasa la sita. Hakuna mahakama duniani inayotoza fidia kwa hesabu iliyojumlishwa sawasawa.

Kwa hiyo nawaomba walimu mambo mawili. Wafundisheni vijana kusoma tarakimu kwa moyo wa kuuliza, na wafundisheni kusoma maneno. Anayesoma "inashukiwa" akaenda kusimulia "imethibitika" ameongeza uongo wake juu ya kazi ya mwandishi, na yeye ndiye mkashifu.

Nanyi watumishi wa umma, ninyi ndio watunzaji wa karatasi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupelekwa Bungeni kila mwaka. Yaliyosemwa Bungeni na mahakamani yakiripotiwa kwa haki na usahihi yana kinga ya sheria. Mwandishi anapokuja ofisini kutafuta hati ambayo sheria inairuhusu iwe wazi, kumnyima ni kumsukuma aende kutafuta uvumi barabarani. Halafu akiandika uvumi, tunamlaumu.

Na yule kati yenu ambaye kazi yake ni kusimamia mabenki, bima, masoko ya mitaji au mifuko ya pensheni, aikumbuke Wirecard. Kampuni ikija mezani kwake kulalamika kwamba gazeti limeichafua, ana haki ya kuisikiliza. Lakini swali lake la kwanza liwe: je, fedha zipo? Swali la nani amesema, na kwa nia gani, linaweza kungoja mpaka la kwanza lijibiwe. Ikionekana fedha zipo, gazeti na lilipe, tena lilipe kwa haki. Ikionekana hazipo, basi yule aliyekuwa akitaka kushtakiwa alikuwa ametangulia kufanya kazi ambayo sisi tunalipwa mshahara kuifanya.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huko Munich mshindo ulisikika mwezi Juni 2020. London ulisikika mwishoni mwa mwaka 1991. Kila mara waliosimama karibu nao walikuwa watu wa mshahara, wenye akiba ndogo, ambao hakuna aliyewauliza kama wangependa gazeti lao linyamaze. Tuilinde heshima ya kila mtu na ya kila kampuni, maana hata sisi tuna majina. Lakini tusikubali heshima hiyo iwe ni pazia la kufichia sanduku tupu.